Omu ngapi? Mwongozo kamili wa kuoanisha spika na amplifaya ya nyumbani

Ukiingia Kisekka au ukishuka Katwe hapa Kampala kutafuta spika, muuzaji atakutajia wati. "Hizi wati mia tatu, ssebo, zitatikisa nyumba." Omu, yaani kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme, hazitaji, na wanunuzi wengi hawaziulizi. Ajabu ni kwamba wati nyingi zilizoandikwa kwenye spika haziwezi kuunguza amplifaya yako. Omu chache zinaweza, na kwa kawaida huchagua usiku wa sherehe, sauti ikiwa juu na fundi akiwa amelala.

Mwongozo huu ni wa mwenye amplifaya au risiva ya stirio nyumbani, iwe mpya au ya mtumba, anayetaka kuifunga na spika alizonazo au anazotaka kununua. Andaa mita ya fundi yenye kipimo cha omu, betri moja ya volti 1.5, bisibisi, kisu cha kumenyea waya, na kalamu ya hesabu.

Namba iliyo nyuma ya amplifaya ni sakafu

Tuanze na wazo moja, maana ukilishika mengine yote yatakuwa mepesi. Watu wengi hudhani amplifaya ya "8 Ω" (Ω ni alama ya omu) lazima ipate spika ya omu 8 kamili, kama ufunguo na kufuli lake. Sivyo. Amplifaya za transista tunazotumia leo hazitafuti usawa. Ile namba inakuambia kiwango cha chini ambacho spika haipaswi kushuka. Spika ikiwa na omu nyingi kuliko hapo, amplifaya inapumzika: wati zitapungua kidogo na hakuna kitakachoharibika. Ikiwa na omu chache, amplifaya inalazimika kusukuma mkondo mkubwa kuliko ulioandaliwa.

Omu hupima jinsi spika inavyozuia umeme. Kwa umeme wa betri, unaokwenda upande mmoja, kizuizi hicho huitwa ukinzani. Kwa umeme wa muziki, unaogeuka huku na huku mara nyingi kwa sekunde, huitwa impedansi, nayo hubadilika kadiri sauti inavyopanda kutoka nzito ya besi hadi nyembamba ya twita, ile spika ndogo. Spika ya omu 8 inaweza kufika omu 30 mahali fulani kwenye besi, kisha ikashuka hadi karibu omu 6 au 7 juu kidogo ya hapo. Ile 8 iliyoandikwa ni jina la ukoo tu. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60268-5 kinataka spika isishuke chini ya asilimia 80 ya namba iliyotangazwa, yaani ya omu 8 isishuke chini ya 6.4, na ya omu 4 isishuke chini ya 3.2. Viwanda vyenye aibu hufuata hilo.

Sasa hesabu. Chukua amplifaya inayotoa volti 20 sauti ikiwa juu. Kwenye spika ya omu 8, mkondo ni 20 ÷ 8 = ampea 2.5, na nguvu ni 20 × 2.5 = wati 50. Weka omu 4, sauti ileile: ampea 5, wati 100. Weka omu 2: ampea 10, wati 200. Hujagusa kitufe cha sauti, lakini transista zinabeba mzigo mara nne. Kwenye karatasi inapendeza. Katika chuma halisi, transfoma ya umeme inaelemewa, volti zinashuka, transista zinapata joto lisilo na pa kwenda, na mojawapo inapasuka. Ikishapasuka, mara nyingi hupitisha umeme wa moja kwa moja hadi kwenye spika, nayo koili, ule waya uliozungushwa ndani ya spika, ikaungua. Hasara mbili kwa kosa moja.

Wenye amplifaya za zamani za valvu wana sheria nyingine. Hizo zina transfoma ya kutolea sauti yenye ncha za omu 4, 8 na 16, na hapo usawa unatakiwa kweli: spika ya 8 kwenye ncha ya 8. Tena haziwashwi kamwe bila spika. Ndiko ile imani ya kufuli na ufunguo ilikotoka.

Hatua ya 1: Soma mgongo wa amplifaya

Igeuze, washa tochi ya simu, utafute alama ya Ω karibu na vibano vya spika. Ukikuta "4–16 Ω", sakafu yako ni 4. Ukikuta "6–16 Ω", sakafu ni 6. Pengine utakuta mistari miwili: "A au B: 4–16 Ω" na "A+B: 8–16 Ω". Wengi husoma mstari wa kwanza na kuuruka wa pili. Maana yake ni kwamba ukiwasha jozi moja ya spika unaweza kutumia omu 4, lakini ukiwasha jozi mbili pamoja, kila spika lazima iwe omu 8 au zaidi. Sababu tutaiona kwenye hesabu.

Kama maandishi yamefutika, tafuta kitabu chake kwenye intaneti kwa namba ya modeli. Usipokipata, chukulia sakafu ni 8. Ni tahadhari isiyogharimu chochote.

Ukiwa bado huko nyuma, soma na volti za umeme. Uganda tuna volti 240, hezi 50. Mizigo ya mitumba inayotoka Japani huwa ya volti 100, na ya Marekani ni 120. Amplifaya ya volti 100 ikichomekwa moja kwa moja ukutani, habari ya omu haitakuwa na maana tena. Inahitaji transfoma ya kushushia volti, yenye uwezo mkubwa kuliko wati inazokula.

Hizo wati inazokula ndizo za kuaminika kuliko zile za kwenye kasha. Redio imeandikwa wati 3000 kwa rangi ya dhahabu mbele, nyuma kibao kidogo kinasema inakula wati 60. Haiwezi kutoa mfululizo zaidi ya inachopokea. Ingekuwa kweli inatoa 3000, ingemeza zaidi ya yuniti tatu za Yaka, ule umeme wa kulipia kabla, kila saa, na ungejua kabla ya wimbo wa pili kuisha.

Baadhi ya risiva zina swichi au menyu ya kuchagua omu 4 au 8. Ushauri wangu ni kuiacha kwenye 8 kama spika zako ni za 8. Ile ya 4 mara nyingi hupunguza tu volti za ndani ili amplifaya isipate joto. Haiongezi uwezo wowote, inaipunguzia pumzi. Itumie kama spika ni za omu 4 kweli na kitabu kinasema hivyo.

Hatua ya 2: Zijue spika zako

Kwenye kasha la spika namba huwa nyuma, karibu na vibano. Kwenye spika ya wazi huwa imepigwa mhuri kwenye sumaku. Hapa kwetu, spika inayouzwa imepita mikono mingi: kasha la jina kubwa, ndani imewekwa besi nyingine. Kwa hiyo hata ukiona maandishi, pima.

Chomoa spika kabisa kutoka kwenye amplifaya. Weka mita kwenye omu, kipimo cha 200. Gusanisha ncha mbili za mita zenyewe kwanza; itasoma kitu kama 0.3 au 0.5, na huo ni ukinzani wa nyaya zake. Kisha gusa vibano vya spika, usiisukume karatasi yake, subiri namba itulie, toa ile ya mwanzo. Utakachopata ni ukinzani wa koili, na kila mara huwa chini kuliko namba ya omu inayotangazwa:

- ukisoma 2.2 hadi 2.8, ni spika ya omu 3;
- 3 hadi 3.7, ni ya omu 4;
- 4.3 hadi 5.2, ni ya omu 6;
- 5.4 hadi 7, ni ya omu 8;
- 11 hadi 14, ni ya omu 16.

Usimgombeze muuzaji kwamba amekuuzia ya omu 6 kwa sababu mita imesoma 6.1. Hiyo ni ya 8, tena nzuri.

Mita isiposoma kitu kabisa, koili imekatika, au waya ndani ya kasha umeachia, au umepima twita yenye kapasita mbele yake. Kapasita huzuia umeme wa mita. Ikisoma chini ya omu 2 kwenye spika iliyoandikwa 8, koili zimeshikana kwa kuungua, na spika hiyo usiiunge popote. Inuse pia. Koili iliyoungua ina harufu ambayo haitoki.

Kuna spika za aina fulani zinazozaa matatizo zaidi. Za seti za DVD za kutazamia filamu mara nyingi ni za omu 3, na vibano vyake vya rangi vinawavuta watu kuzifunga kwenye amplifaya ya kawaida. Za gari ni za omu 4. Sabufa za gari huweza kuwa na koili mbili, kila moja ya omu 4 au 2, na ukiziunga sambamba (njia tutakayoieleza Hatua ya 3) bila kujua umeshuka hadi 2 au 1. Halafu kuna honi, zile tarumbeta za misikitini, makanisani na kwenye magari ya matangazo. Zilizo za kawaida huwa za omu 8 au 16, hazina shida. Zilizo na transfoma ndani, ambazo zimeandikwa wati 5, 10, 15 kwenye ncha zake, au zimeandikwa volti 70 au 100, ni za mfumo tofauti wa waya mrefu. Mita yako itapima transfoma badala ya koili na kukupa namba isiyo na maana. Usizifunge kwenye amplifaya ya sebuleni.

Kwa anayetaka uhakika zaidi

Kipimo cha mita kinatosha watu tisa kati ya kumi. Wa kumi ni yule mwenye spika kubwa zenye krosova (sakiti inayogawa sauti kati ya besi na twita) na besi mbili ndani, anayetaka kujua zinashuka hadi wapi. Nunua rezista ya omu 10, wati 10. Iunge kwa mfululizo na spika: kutoka kibano chekundu cha amplifaya hadi rezista, kutoka rezista hadi spika, kutoka spika kurudi kibano cheusi. Pakua kwenye simu programu ya kutoa mlio mmoja, chagua hezi 100, weka sauti ndogo sana, isizidi volti moja hivi kwenye spika. Pima volti za AC (umeme unaogeuka huku na huku) juu ya rezista, kisha juu ya spika. Gawanya za spika kwa za rezista, zidisha kwa 10. Tuseme rezista ina 0.80 na spika ina 0.52: 0.52 ÷ 0.80 × 10 = omu 6.5. Rudia kwa hezi 150, 200, 300 na 400, uandike. Ile ndogo kuliko zote ndiyo ya kuangalia.

Ile mita ndogo ya manjano ya DT-830 haifai hapa. Kipimo chake cha AC huanzia volti 200, na kwa volti nusu itakubahatishia. Azima mita inayosoma AC ya volti chache. Usiende juu sana ya hezi 400, kwa kuwa mita nyingi za bei rahisi huanza kudanganya.

Hatua ya 3: Hesabu ya spika zaidi ya moja

Hapa ndipo amplifaya nyingi hufia. Spika moja kila upande haina utata. Utata huanza pale mtu anapoongeza mbili za barazani, moja ya chumbani, na nyingine ya jikoni.

Kuna njia mbili za kuunga spika mbili kwenye upande mmoja. Sambamba ni pale ncha nyekundu zote zinapokwenda kwenye kibano chekundu na nyeusi zote kwenye cheusi. Hapo omu zinapungua. Zidisha omu za kwanza kwa za pili, gawanya kwa jumla yake:

8 na 8 sambamba ni 64 ÷ 16 = 4.
6 na 6 ni 3.
8 na 6 ni 48 ÷ 14 = 3.4.
8 na 4 ni 32 ÷ 12 = 2.7.
4 na 4 ni 2.
16 na 16 ni 8.

Mfululizo ni pale umeme unapopita spika ya kwanza ndipo ufike ya pili: nyekundu ya amplifaya kwenye nyekundu ya spika ya kwanza, nyeusi ya hiyo kwenye nyekundu ya pili, nyeusi ya pili kurudi kwenye amplifaya. Hapo omu zinajumlika: 8 na 8 ni 16, 4 na 4 ni 8.

Rudi sasa kwenye ule mstari wa "A+B: 8–16 Ω". Kitufe cha A+B kwenye amplifaya nyingi huunga jozi hizo mbili sambamba. Spika za omu 8 zinakuwa 4, ambayo ni sakafu yake. Ukiweka za omu 4 zinakuwa 2, na umepita sakafu ukaingia shimoni. Zipo chache zinazounga A na B kwa mfululizo. Hizo ni salama, na utazitambua kwa sababu jozi moja ikichomolewa huku kitufe kimewashwa A+B, nyingine inanyamaza.

Mfululizo ni salama kwa amplifaya, lakini usiutumie kwa spika zisizofanana. Spika mbili tofauti zikiwa kwenye mstari mmoja zinagawana volti kulingana na impedansi ya kila moja, na impedansi hiyo inabadilika kwa kila noti. Matokeo yake besi inavimba hapa, inapotea pale, na gitaa linasikika kana kwamba linapigwa ndani ya ndoo. Kama ni spika mbili za modeli moja, inakubalika. Wati nazo hupungua: kwa ile amplifaya ya volti 20, spika mbili za omu 8 kwa mfululizo hupata jumla ya wati 25, kila moja 12.5, wakati moja peke yake ingepata 50.

Sambamba kwa spika zisizofanana hakuharibu sauti kwa namna hiyo, ila yenye omu chache itakula zaidi. Omu 4 pembeni ya omu 8 hupata wati mara mbili.

Mwenye spika nne za omu 8 zinazofanana upande mmoja, kwa mfano kwenye ukumbi mdogo au kilabu cha pombe, azipange hivi: mbili za kwanza kwa mfululizo ziwe 16, mbili nyingine kwa mfululizo ziwe 16, kisha hizo jozi mbili sambamba. Anarudi kwenye omu 8 kamili, na kila spika inapata robo ya nguvu. Nne za omu 8 zote sambamba zingekuwa omu 2. Nimekuta mpangilio huo wa pili zaidi ya ule wa kwanza, maana ndio mwepesi kuunga: nyekundu zote huku, nyeusi zote kule.

Upande wa kushoto na wa kulia hauchanganywi. Usiunge waya kutoka kushoto na mwingine kutoka kulia kwenye spika moja ili "ipate nguvu zaidi", isipokuwa amplifaya ina swichi ya kuunganisha pande mbili na kitabu chake kinaruhusu. Kwa mpangilio huo kila upande huona nusu ya omu za spika: ya 8 huonekana 4, ya 4 huonekana 2. Ndiyo sababu amplifaya inayoruhusu omu 4 kwa stirio huandika omu 8 kwa mpangilio huo.

Sakafu ni 8 na spika ni za 4. Nifanye nini?

Swali hili huja kila mara, kwa sababu spika za gari zimejaa sokoni na ni nafuu. Ukisikiliza kwa sauti ya mazungumzo tu, amplifaya haitakufa. Inatoa volti mbili tatu na mkondo ni mdogo. Hatari iko kwenye mkono wa mgeni atakayepaza sauti ukiwa umetoka. Ukiwa na spika nne za omu 4 zinazofanana, unga mbili mbili kwa mfululizo kila upande, umepata 8. Kuongeza rezista ya omu 4 mbele ya spika kunaokoa amplifaya, lakini nusu ya nguvu inageuka joto kwenye rezista na besi inalegea. Mimi ningeuza spika hizo na kununua za 8.

Hatua ya 4: Waya

Waya nao una omu zake. Wa shaba wa milimita 1.5 za mraba, spika ikiwa mita 10 kutoka amplifaya (umeme husafiri mita 20, kwenda na kurudi), una omu 0.23. Wa 2.5 una 0.14. Ule mwembamba wa 0.5 una karibu 0.7. Kipimo changu ni kwamba waya usizidi asilimia 5 ya omu za spika: 0.4 kwa spika ya 8, na 0.2 kwa ya 4. Kwa hiyo 1.5 inatosha spika ya omu 8 sebuleni, na kwa omu 4 umbali huohuo chukua 2.5.

Waya wa shaba wa nyumba unapatikana kila duka la vifaa vya umeme, na spika haijali kama uliandaliwa kwa taa. Jihadhari na waya wa alumini uliopakwa shaba. Ukinzani wake ni zaidi ya mara moja na nusu wa shaba tupu. Ukwaruze kwa kisu: ukiona weupe chini ya wekundu, umeuzwa alumini.

Hatua ya 5: Kuunga

Zima amplifaya na uichomoe ukutani. Menya waya sentimita moja tu, usokote nyuzi zote ziwe moja. Uzi mmoja uliochomoza na kugusa kibano cha jirani ni omu sifuri, na omu sifuri huua haraka kuliko omu 2.

Nyekundu ya amplifaya iende nyekundu ya spika, pande zote mbili. Ukigeuza upande mmoja hakuna kitakachoungua, lakini karatasi moja itatoka nje wakati nyingine inaingia ndani, na besi itapotea katikati ya chumba. Kama vibano vya spika havina rangi, gusa betri ya 1.5 kwa sekunde moja: karatasi ikiruka nje, ncha iliyogusa chanya ya betri ndiyo nyekundu. Fanya hivyo kwa besi pekee, twita usiijaribu.

Bodi ndogo za sauti na redio za gari zinataka uangalifu zaidi. Nyingi, zikiwamo zenye chipu ya TPA3116, hutoa sauti kwenye ncha zote mbili za spika. Ile nyeusi nayo ina umeme wa sauti, haijaungwa kwenye graundi. Ukiunganisha nyeusi ya kushoto na ya kulia, au ukizigusisha na bodi ya chuma, umeiua. Kila spika ipate waya zake mbili zenyewe.

Kijijini ambako umeme ni wa sola na betri ya volti 12, redio ya gari ndiyo amplifaya ya nyumba. Kasha linasema wati 50 mara nne. Kwa betri hiyo, fizikia inaruhusu takribani wati 15 hadi 20 kwa kila spika ya omu 4. Ukiweka spika za omu 8, utapata kama nusu ya hizo, na betri nayo itadumu zaidi. Mwenye sola ndogo asione aibu kutumia omu 8. Atafute tu spika yenye sauti kubwa kwa wati chache, ile iliyoandikwa desibeli 90 na zaidi kwa wati moja, mita moja. Tofauti ya desibeli 3 ni sawa na kuongeza wati maradufu, na haihitaji paneli ya pili.

Hatua ya 6: Kuwasha na kusikiliza

Kabla ya kuchomeka ukutani, pima omu kwenye vibano vya amplifaya vyenyewe, spika zikiwa zimeungwa na umeme umezimwa. Kwa spika moja ya omu 8 kila upande utegemee karibu 5.5 hadi 7. Ukipata chini ya 2, usiwashe. Rudi kwenye waya.

Washa sauti ikiwa chini kabisa. Amplifaya nyingi husubiri sekunde chache kisha husikika "tak" ya rilei, swichi ya ndani inayounga spika. Isiposikika, au taa ya ulinzi ikibaki inawaka, zima, chomoa spika zote, uwashe tena. Ikikubali bila spika, tatizo ni waya au spika. Ikikataa hata hivyo, tatizo ni lake mwenyewe.

Cheza kitu unachokijua. Kadongo kamu, ule muziki wa Uganda wa mwimbaji na gitaa lake, itakuonyesha sauti ya mtu na gitaa kama ziko katikati; lingala yenye gitaa zito la besi itakuonyesha kama amplifaya ina pumzi. Panda polepole. Baada ya nusu saa ya sauti ya kawaida, weka kiganja juu ya mfuniko. Uvuguvugu ni sawa. Ukishindwa kukiacha hapo kwa kuhesabu hadi tano, zima na urudie hesabu za Hatua ya 3. Acha nafasi ya sentimita 10 juu yake. Kitambaa cha kufuma kilichotandikwa juu ya amplifaya kinapendeza, lakini kinaiziba pua.

Sauti ikianza kukwaruza, umefika mwisho wa nguvu, hata kama kitufe hakijafika mwisho. Jioni, mtaa mzima ukiwa umewasha, volti ukutani zikishuka kutoka 240, mwisho huo unakuja mapema zaidi. Amplifaya inayokata sauti kisha kurudi baada ya dakika chache inakuambia jambo lilelile: omu ni chache, au joto ni jingi, au vyote viwili.

Na kama imeshaungua, usiichukue kwa fundi peke yake. Peleka na spika, azipime kwanza, la sivyo transista mpya zitafuata za zamani siku hiyohiyo. Mwombe abadilishe transista za upande ulioungua kwa jozi, na aiwashe mara ya kwanza kupitia balbu ya kizamani ya wati 60 au 100 iliyoungwa kwa mfululizo na waya wa umeme, spika zikiwa zimechomolewa. Balbu ikimulika mara moja na kufifia, kuna usalama, na spika zinaweza kuungwa. Ikibaki inawaka kwa nguvu, bado kuna kitu kilichoshikana ndani, na hujapoteza chochote zaidi.